Tredimili za VR za pande zote: unatembea kweli au unateleza tu?

NyayoTupu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila baada ya muda mtu anaibuka jukwaani na swali lilelile: amechoka kusukuma kijiti cha kontrola kwa kidole gumba, anataka atembee kwa miguu yake mwenyewe ndani ya gemu ya VR (uhalisia pepe, ile ya kuvaa miwani), anunue tredimili gani, yaani mashine ya kutembelea papo hapo? Majibu huwa ya aina mbili. Mmoja anamwambia huo ni usanii mtupu, mwingine anambandikia video ya tangazo na kuondoka. Mimi ya kuteleza ninayo nyumbani, ya mikanda nimeipanda kwenye maonyesho. Ngoja nimwage ninachokijua, mnikosoe.

Msimamo wangu nautoa mapema ili anayetaka kubisha ajipange: hakuna mashine ya nyumbani inayokupa kutembea kwa kawaida. Inachokupa ni namna nyingine ya kwenda, ambayo miguu inabidi ifundishwe. Na kinachoamua kama utaipenda au utaigeuza kitundikio cha nguo si hatua zenyewe. Ni kuanza, kusimama na kugeuka.

Tatizo lenyewe ni jepesi kulieleza. Dunia ya gemu haina mwisho, chumba kina kuta. Miwani ya siku hizi inajua uko wapi chumbani, kwa hiyo ukisogea hatua mbili, na kwenye gemu umesogea hatua mbili. Hiyo ndiyo njia tamu kuliko zote na hakuna mashine iliyowahi kuishinda. Mwaka 1999 Mel Slater na wenzake walilinganisha watu waliotembea kweli, waliopiga hatua papo hapo bila kusogea, na waliosafiri kwa kubonyeza kitufe. Waliotumia miguu walijihisi wamo ndani ya mahali pale kuliko waliobonyeza. Tabu ni kwamba hatua ya tatu inakupeleka kwenye kabati.

Ili usifike kwenye kabati, lazima kitu kikurudishe katikati. Hapo ndipo mashine zinapogawanyika.

Za kwanza ni za kuteleza. Hazina mota ya kukusogeza. Kuna sahani laini kupita kiasi, ama imebonyea katikati ama bapa. Unavaa viatu vyenye soli telezi, na kiuno kinashikiliwa na mkanda uliofungwa kwenye pete inayokuzunguka au kwenye mkono wa chuma unaotoka nyuma ya mgongo. Ukipiga hatua, mguu unarudi katikati kwa kuteleza; kiuno hakiendi popote. Gumzo lilianza na Virtuix Omni ya Marekani, ambayo mwaka 2013 ilichangiwa zaidi ya dola milioni 1.1 kwenye Kickstarter, tovuti ya kuchangisha fedha za miradi. Mwaka uliofuata wakaja Cyberith wa Austria na Virtualizer yao yenye sahani bapa, na 2015 KAT VR ya China ikaingia uwanjani. Wazee wa Kickstarter watakumbuka pia kilichofuata: mwaka 2016 Virtuix ilifuta oda za wachangiaji walio nje ya Marekani na kuwarudishia hela zao, kwa kuwa dude lenyewe ni zito na kulisafirisha hadi mlangoni kwa mtu wa mbali kulikuwa hakulipi. Nalitaja hilo kwa sababu uzito ndio hadithi nzima ya mashine hizi.

Za pili ni za mikanda na mota. Chukua tredimili nyingi nyembamba, zipange ubavu kwa ubavu, kisha mpangilio wote uuzungushe kama mkanda mmoja mkubwa. Ile midogo inakurudisha kushoto na kulia, mkubwa unakurudisha mbele na nyuma, na kwa kuchanganya miendo hiyo miwili mashine inakufuata popote unapoelekea. Hapa unatembea na viatu vyako vya kawaida, kisigino kinatua, vidole vinasukuma, kila kitu kama barabarani. Wazo ni la zamani. David Carmein alibuni ya jeshi la Marekani miaka ya 1990. Hiroo Iwata wa Chuo Kikuu cha Tsukuba, Japani, alionyesha ya kwake mwaka 1999, ikiwa na mikanda 12. Kule Tübingen, Ujerumani, mradi wa CyberWalk ulikamilisha jukwaa lake mwaka 2008: eneo la kutembelea la mita kama 4 kwa 4, uzito wa tani kadhaa. Infinadeck ya Marekani ni moja ya zilizoonekana kwenye maonyesho.

Mtu atauliza: kwa nini wasiipunguze ikaingia chumbani? Fanyeni hesabu nami. Mtu mzima hutembea kwa takribani mita 1.4 kwa sekunde. Umesimama ghafla, mkanda bado unakimbia kurudi nyuma kwa kasi hiyohiyo na umekubeba juu yake. Kama nyuma yako kuna nusu mita tu, mkanda lazima usimame ndani ya nusu mita hiyo, yaani upunguze kasi kwa karibu mita 2 kwa sekunde kila sekunde. Hiyo ni moja ya tano ya nguvu ya mvutano wa dunia, ikikuvuta miguu kwa mlalo wakati macho yamefunikwa. Utayumba. Ukiwa na mita 2 za nafasi, msukosuko unashuka hadi robo ya hapo, na mwili hauhangaiki. Ndiyo maana zilizo nzuri ni kubwa, na zilizo kubwa hazipandi ngazi za nyumba ya mtu.

Sasa turudi kwenye ya kuteleza, maana ndiyo wengi wetu tunayoweza kuiweka ndani.

Ukitembea barabarani, msuguano wa soli na ardhi ndio unaokuzuia usianguke. Pale kisigino kinapotua na pale vidole vinaposukuma, unahitaji mgawo wa msuguano wa kama 0.2 hivi. Kwenye sahani ya kuteleza msuguano huo umeondolewa makusudi. Nani basi anakushika? Mkanda wa kiunoni. Unaegemea mbele kidogo, nyonga zinasukuma mkanda, mguu uliotangulia unatua sehemu ya mbele ya sahani, halafu unauvuta au unashuka wenyewe kurudi katikati huku mwingine ukinyanyuka. Anayekanyaga mara ya kwanza huwa anafanya jambo moja: anapiga hatua kama ya barabarani, kisigino kinamponyoka, mikono yote miwili inakimbilia pete. Kosa si lake. Ubongo umekwishapanga kisigino kitakamata ardhi, na hakuna ardhi ya kukamata.

Baada ya hapo mwili unajifunza hatua fupi, nyayo zinatua bapa, goti limelegea. Ukishaizoea huifikirii tena. Lakini mtu asikudanganye kwamba huko ni kutembea kulekule.

Kusimama ndiko kunakokera zaidi. Mashine inajua unatembea kwa sababu miguu inasogea. Ikiacha kusogea inabidi isubiri kidogo kuhakikisha kwamba umeacha kweli na si kwamba uko kati ya hatua moja na nyingine. Kusubiri huko ni kidogo, ila ukiwa umejibanza nyuma ya ukuta na unataka kuchungulia tu, mwili wako wa kwenye gemu unaongeza nusu hatua ambayo hukuipiga, bega linatoka nje, na adui hakusubiri. Unaanza kusimama kabla ya mahali unapotaka kusimama. Hilo nalo linazoeleka, lakini sijawahi kuacha kuliona.

Na kugeuka? Hapo naivulia kofia. Unageuka kwa mwili mzima, miguu inazunguka, kiuno kinazunguka ndani ya pete, na kichwa kiko huru. Unaweza kukimbia kaskazini huku umegeuza shingo kutazama nani anakufuata, na mkono mmoja unalenga kulia. Kwa kijiti jambo hilo ni la kubuni. Kwa miguu linakuja lenyewe. Nikiulizwa kwa nini sijaiuza, jibu ni hilo.

Karibuni.

---

GumbaLaChuma

Mkuu NyayoTupu, uzi umeshiba, lakini umeficha jambo moja. Kwenye gemu za kupigana mtandaoni, sisi wa kijiti tunaishi kwa kwenda pembeni. Kushoto, kulia, kushoto, kulia, adui hakupati. Mwambie mtu wa tredimili afanye hivyo tuone. Nimecheza na jamaa mwenye mashine hizo, alikuwa anakuja mbele yangu moja kwa moja kama shabaha ya mazoezi. Nilimwonea huruma, nikampiga.

---

NyayoTupu

Haahaa, Gumba, sijaficha, sijafika tu. Uko sahihi kabisa. Kwenda pembeni kwenye sahani ni kazi ya kaa: unavuta mguu mmoja, unauleta mwingine, na vihisi vingi vinachanganyikiwa vikidhani unageuka. Kurudi nyuma ni nafuu kidogo, ingawa mkanda wa kiunoni unakukata mgongoni badala ya kukushika kwa mbele. Wengi wetu tunaacha kijiti kikiwa hai kwa ajili ya kwenda pembeni, miguu inabaki na kwenda mbele. Kwa mashindano, mtu aliyekaa kwenye kiti na kijiti chake atakushinda. Anayenunua tredimili ili apande chati, aahirishe.

---

MsimboWaUsiku

Naunganisha hapo, kwa kuwa natengeneza gemu za VR na hili suala linatufikia mara kwa mara.

Watu wanadhani gemu inajua kwamba umesimama juu ya tredimili. Haijui. Programu ya mashine inachukua mwendo wa miguu na kuugeuza kuwa kijiti cha uongo: umetembea polepole, kijiti kimesukumwa kidogo, umekimbia, kimesukumwa hadi mwisho. Gemu inapokea kijiti basi. Kutoka hapo matatizo matatu yanazaliwa.

La kwanza, kijiti kina eneo lililokufa katikati, ili kisiposhikwa mhusika asitambae mwenyewe. Hatua zako ndogo zinaangukia ndani ya eneo hilo na kupotea. Unatembea taratibu, gemu inakwambia umesimama.

La pili, gemu nyingi zina kasi mbili tu, kutembea na kukimbia, na kukimbia kuko kwenye kitufe. Miguu yako ina kasi zisizohesabika, gemu inazikata vipande viwili. Kuna gemu nyingine kasi ya juu kabisa ya mhusika iko mbali na binadamu: unapiga hatua za kawaida, yeye anaruka kama pikipiki.

La tatu ndilo kubwa: mbele ni wapi? Gemu inaweza kuchukua "mbele" kutoka kwenye kichwa au kutoka kwenye kontrola ya mkononi. Chache mno zinajua kuuliza kiuno. Kama gemu inafuata kichwa, ule uhondo wa mleta uzi wa kukimbia huku na kutazama kule unakufa palepale, maana ukigeuza shingo na njia inageuka. Programu za tredimili zinajaribu kulirekebisha kwa kuhesabu tofauti ya kiuno na kichwa na kukizungusha kile kijiti cha uongo, na mara nyingi inakubali. Ila ukiona unatembea mshazari bila sababu, anzia kwenye mpangilio wa gemu, angalia mwelekeo unafuata nini.

Kwa hiyo nikipewa nafasi ya kumshauri mnunuzi, nitamwambia asiulize kwanza mashine gani. Aandike gemu anazozipenda, kisha atafute moja moja kama ina mwendo laini wa kijiti na kama inaruhusu kuchagua mwelekeo. Gemu ya kuruka kutoka nukta moja hadi nyingine kwa kuelekeza mkono haina kazi yoyote na tredimili.

---

DadaMwezi

Habarini wakaka na wadada. Mimi nauliza la tumbo. Nikitumia kijiti dakika chache tu kichefuchefu kinanishika, jasho baridi, navua miwani na kwenda kulala. Tredimili itanisaidia au nitatapika nikiwa nimefungwa mkanda?

---

NyayoTupu

Dada, swali zuri, na jibu lake si ndiyo wala hapana.

Kichefuchefu cha VR kinakuja pale macho yanaposema "tunakwenda" na sikio la ndani linasema "tumekaa". Sikio la ndani lina sehemu mbili za kazi hiyo: mifereji mitatu inayopima kugeuka, na vijiwe vidogo vinavyopima kuongeza na kupunguza mwendo ulionyooka. Kasi ikishakuwa moja, vijiwe havisikii kitu. Ukiwa kwenye basi kwenye lami nzuri umefumba macho hujui kama linakwenda.

Sasa angalia tredimili inakusaidia wapi. Kugeuka: unageuka kweli, mifereji inapata taarifa sahihi, macho na sikio wanakubaliana. Na kugeuka kwa kijiti ndiko kunakowaangusha wengi, kwa hiyo hapo umepona. Kwenda moja kwa moja kwa kasi moja: sikio halina la kusema, na miguu inaushuhudia mwendo, ubongo unaridhika. Kuanza na kusimama: hapo bado. Kwenye gemu umeongeza kasi, kiuno chako hakijasogea popote, vijiwe vimekaa kimya. Mgongano upo, ila ni mfupi.

Na kuna mgongano mpya ambao kijiti hakina: kuchelewa. Mguu umeanza, picha bado. Mguu umesimama, picha inaendelea. Baadhi ya watu hili linawasumbua kuliko kijiti chenyewe, kwa sababu kwenye kijiti mwili hautarajii lolote.

Wengi ninaowajua wamepata nafuu kubwa. Lakini usinunue kwa kuamini hilo. Tafuta ukumbi wa VR wenye mashine, jaribu mwenyewe, na anza na gemu ya kutembea taratibu isiyo na kuruka wala ngazi. Feni ikupulizie kutoka upande mmoja, inasaidia mambo mawili: joto, na kukujulisha chumba kiko upande gani. Ukisikia jasho la kwanza, acha. Kuvumilia hakufundishi mwili, kunauongezea chuki tu.

---

MtuWaViungo

Mimi kazi yangu ni mazoezi ya tiba, nitagusa la miguu kidogo.

Kwa sahani ya kuteleza msitegemee uchovu wa matembezi. Kwa kawaida misuli ya nyuma ya mguu, kigimbi, ndiyo inayokusukuma mbele wakati vidole vinaachana na ardhi. Hapa hakuna cha kusukuma dhidi yake, kwa hiyo kigimbi kinapumzika, na kazi inahamia kwenye misuli ya mbele ya nyonga inayonyanyua paja na ile ya mbele ya muundi inayozuia vidole visiburute. Ndiyo maana wapya wanalalamika muundi unawaka moto ilhali wao ni wakimbiaji wazuri. Sahani iliyobonyea inazidisha kidogo kwa kuwa wayo unatua kwenye mwinamo.

Kulalia mkanda nako kuna gharama. Ukiegemea sana, mgongo wa chini unajikunja na kukaa hivyo muda wote. Pete irekebishwe ikae kwenye mifupa ya nyonga, si tumboni. Mwenye goti lililofanyiwa upasuaji karibuni, mwenye tatizo la kizunguzungu, au mjamzito, asipande kwa ushabiki.

Mazuri yapo pia. Mtu ambaye hawezi kukaa dakika tano kwenye tredimili ya kawaida akitazama ukuta, mpe pango la kuchunguza na atatembea mpaka betri ya miwani iishe.

---

MzeeWaPembeni

Vijana, mnafungana mikanda viunoni, mnavaa viatu vya kuteleza, mnapuliziwa na feni, yote hayo ili mtembee. Nje kuna njia.

---

GumbaLaChuma

Mzee umeua 😂

---

MsimboWaUsiku

Mzee wetu shikamoo. Nje hakuna mazimwi ya kukimbizana nayo, ndiyo shida.

Ila utani wako una hoja ya kitaalamu ndani yake. Kuna njia ya kutembea kweli, bila mashine yoyote, kwenye ukumbi mpana. Mwaka 2001 Sharif Razzaque na wenzake wa Chuo Kikuu cha North Carolina walionyesha kwamba unaweza kuizungusha picha taratibu sana kiasi ambacho mtu haoni, naye anajirekebisha bila kujijua. Anaamini anakwenda mstari ulionyooka kumbe anazunguka duara. Frank Steinicke na wenzake walipima baadaye wakachapisha mwaka 2010: ili mtu asishtuke, duara hilo linahitaji nusu kipenyo cha kama mita 22. Kwa hiyo ni mbinu ya ukumbi wa michezo, si ya sebule. Ukiipunguza hadi chumba cha kawaida, mtu anashtuka mapema.

Ndugu zangu wanaosubiri kizazi kijacho, Disney walionyesha HoloTile Januari 2024, kazi ya Lanny Smoot. Ni sakafu ya viduara vidogo vingi, kila kimoja kinaweza kuinama na kuzunguka, na kwa pamoja vinakusogeza upande wowote. Uzuri wake ni kwamba watu zaidi ya mmoja wanaweza kusimama juu yake kila mmoja akaenda kwake, jambo ambalo mkanda mmoja mkubwa hauwezi, maana mkanda ukienda unakwenda na wote. Zipo pia juhudi za viatu vyenye magurudumu na mota, vinavyokurudisha nyuma unapokanyaga; Freeaim wa Uingereza wako kwenye njia hiyo. Viatu hivyo vina mvuto kwa kuwa unaviweka kabatini ukimaliza. Ila kubeba mota miguuni si sawa na kuwa na miguu mitupu.

Kwa asiyetaka kutumia chochote, kuna programu zinazosoma mikono ikipunga na kugeuza kuwa mwendo. Unapunga, unatembea. Inachekesha ukitazamwa, lakini kwa tumbo inasaidia, na ni sehemu nzuri ya kuanzia.

---

DadaMwezi

Asanteni, hiyo ya kupunga mikono ndiyo saizi yangu kwa sasa. Kwa anayenunua mashine, ni mambo gani hayaandikwi kwenye tangazo?

---

NyayoTupu

Mengi, dada. Yanakuja kichwani bila mpangilio.

Waya. Unazunguka mwili mzima, na waya wa miwani unazunguka nawe mpaka ukusokote shingoni. Bila miwani isiyo na waya, au waya ulioning'inizwa darini kwenye kapi, raha inakatika kila unapogeuka.

Dari. Sahani inakunyanyua kutoka sakafuni, ukinyoosha mkono kutupa kitu unagonga taa.

Pete na mikono. Gemu nyingi zinaweka silaha kiunoni, na kiunoni kwako kuna pete. Unashusha mkono kuchomoa bastola, kontrola inagonga chuma kwanza. Kwa mashine za mkono wa nyuma tatizo hilo halipo, na ndiyo sababu Virtuix kwenye Omni One walihama kutoka pete kwenda mkono wa chuma na kizibao. Unachuchumaa, unapiga goti, unaruka. Hata hivyo mkono huo nao unausikia mgongoni, unakuja nyuma yako unapozunguka ukichelewa kidogo, kama mtu anayekufuata sokoni ameshika shati lako.

Vumbi. Sahani ikipata vumbi na nywele inaanza kushika. Hujui kimetokea nini, unahisi tu leo umechoka haraka. Futa kwa kitambaa kikavu kabla hujapanda. Soli telezi nazo zinalika. Mguu mmoja ukianza kuteleza kuliko mwingine utajikuta unachechemea ndani ya gemu.

Mwelekeo kuhama. Mashine zinazotumia vihisi vya mzunguko zinakusanya makosa madogomadogo, na baada ya muda "mbele" ya kiuno inaachana na mbele yako. Unasimama, unatazama mbele, unabonyeza kurekebisha. Ifanye iwe mazoea kila unapofungua gemu. Zinazosoma wayo kwa mwanga, kwa vihisi vya aina ya kipanya cha kompyuta, zinapima vizuri kasi ya mtelezo, lakini mwelekeo wa mwili bado unategemea pete.

Kelele. Hakuna mota, lakini soli ngumu zikikwaruza plastiki usiku, aliye chumba cha chini anazisikia zote.

Na kuvaa. Tangazo linaonyesha mtu anaruka ndani na kuanza. Ukweli: viatu, mkanda wa kiuno, mikanda ya mapaja, pete, miwani, kontrola, na kila kimoja kikiwa kimefungwa ndipo unakumbuka hujawasha kompyuta. Hii peke yake ndiyo inayoua mashine nyingi. Mtu anakuwa na nusu saa ya kucheza, anaitazama ile mikanda, anakaa kwenye kochi na kijiti.

---

GumbaLaChuma

Hapo mwisho umesema kweli mpaka nimeanza kukuamini. Nikuulize basi kwa nia njema: gemu gani inakufanya uvae yote hayo? Maana za kupigana tumekubaliana utapigwa.

---

NyayoTupu

Za kutembea mbali. Skyrim VR ndiyo mfano rahisi, dunia kubwa, njia ndefu, mtu hakukimbizi kila dakika. Kwa kijiti umbali kati ya mji na mji ni muda wa kupoteza, unasukuma gumba na kusubiri. Kwa miguu umbali unakuwa na uzito. Unaanza kuchagua njia, unakwepa kilima kwa sababu kilima ni kazi, au ubongo unakuaminisha kwamba ni kazi ingawa sahani haijainama. Cyberith wana toleo, Elite 2, ambalo sahani yake inainama kwa mota ili hatua ishuke yenyewe. Kwa hizi zetu za kawaida kilima kiko machoni tu, na bado mapaja yanajiandaa.

Za kutisha pia. Kukimbia kitu gizani kwa miguu yako na kukikimbia kwa gumba ni mambo mawili tofauti kabisa, na sitaeleza zaidi, jaribuni.

Ambazo hazifai: za kupanda na kuning'inia kwa mikono, za mdundo wa muziki, za kukaa kwenye gari au ndege. Huko pete inakuwa kero.

---

GumbaLaChuma

Sawa mkuu. Kwenye kutisha nakuja kujaribu kwenye ukumbi. Kwenye mashindano nabaki na gumba langu.

---

MtuWaViungo

Akija mgeni kujaribu, nyumbani au ukumbini, mwambieni afunge mikanda ya mapaja akiwa amechuchumaa kidogo, si amesimama wima. Akifunga amesimama, itamkata damu akianza kunyanyua goti, na atadhani mashine ndiyo mbovu.

---

NyayoTupu

Na asivae kaptura. Ile mikanda kwenye ngozi tupu yenye jasho, acheni kabisa.